Kikohozi cha Kuazima

Nilikohoa bila kuwa na kikohozi. Huo ndio ujinga wenyewe, rafiki yangu, nauweka hapa juu kabisa ili usije ukadhani mbele kuna kisa cha kishujaa. Nilikuwa darasa la pili, mapafu yangu mazima kama ya mbuzi, na nilikohoa karibu wiki nzima kwa sababu nilitaka supu ya sato.

Nimekumbuka juzi, daktari alipokuja shuleni kutupima sisi wa kidato cha tatu. Aliniambia nipanue mdomo niseme "aaa". Nikaufumba. Akatoa kile kijiti cha kukandamizia ulimi, nami nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikarudi nyuma mpaka nikaangusha mizani. Darasa zima likacheka. Kwa kawaida mimi ndiye huwachekesha, lakini siku hiyo sikuwa nafanya mzaha.

Tulikaa Kirumba, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, hata nguo zikianuliwa zinanuka dagaa. Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na miiba. Mama aliyakaanga barabarani akauza, na yaliyobaki ndiyo tuliyokula. Sato mzima alipikiwa mgonjwa tu. Mgonjwa alipata pia soda, ambayo sasa ilijaa kila duka, na glukosi ya kopo, ile ukiilamba ulimi unapoa. Basi mdogo wangu akapata malaria. Nilimtazama akinywa supu peke yake, jicho moja likinichungulia juu ya bakuli, nikaanza kumshuku. Mtu mwenye homa gani analamba vidole?

Nikaamua na mimi niugue. Swali likawa niugue nini. Malaria sikuitaka, kwa sababu ya klorokwini: chungu kooni, halafu mwili mzima unawasha mpaka unatamani kujikuna kwa ufagio. Surua ilikuwa ndefu mno. Tetekuwanga inataka vipele, na kile kimoja nilichojichora juu ya mdomo kwa kalamu nyekundu kilifutika nilipokunywa chai. Matumbwitumbwi nayo yanataka mashavu, nami mashavu sikuwa nayo. Ukisema tumbo, unapewa dawa ya minyoo na mtu anakusubiri mlangoni mwa choo aone matokeo. Kichocho ndiyo usiseme, maana swali la kwanza ni umeogelea wapi, na ziwani nilikuwa nimekatazwa. Degedege bibi hakutaka hata litajwe, kana kwamba linasikia. Kikabaki kikohozi. Kikohozi hakina kipimo, nilijidanganya.

Nilikiazima kwa mzee jirani, mstaafu wa reli, ambaye kukohoa kwake kuliamsha mtaa mzima: vifupi vitatu, kirefu kimoja, halafu "Mungu wangu!" Nikachukua vyote, nikaacha ile "Mungu wangu".

Mama alikuja mbio. Akanigusa shingo kwa mgongo wa kiganja.

"Mbona umepoa?"

"Homa iko ndani, mama."

Akanitazama muda mrefu kuliko kikohozi kile kilivyostahili. Nyumbani kwetu kulikuwa na kaka aliyetangulia kabla sijazaliwa. Nilijua alikufa mdogo. Alikufa kwa ugonjwa gani, kila nilipouliza nilitumwa dukani.

Sato akaja. Nikala kifalme, mdogo wangu sasa ndiye ananichungulia. Ndipo bibi, mama yake baba, akavuka na kivuko kutoka Sengerema kuja kumwona mgonjwa wa malaria. Akakuta wa malaria anaruka kamba, na mimi ndiye ninayekohoa. Akanipanua mdomo kwa mpini wa kijiko, akachungulia.

"Kimeo hiki," akasema. "Kimerefuka mpaka kinagusa ulimi. Hiki ni cha kukatwa."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Sikuwahi kujua kuwa ninacho mpaka siku walipotaka kukiondoa. Watoto wa mtaani wakanieleza kwa furaha kubwa: fundi anakuja na kisu kilichopinda, anakata, halafu anakubandika kimeo chako mwenyewe kwenye paji la uso mpaka kikauke.

Kuanzia hapo sikumwamini mtu. Bibi na mama walinong'ona kwa Kisukuma. Mimi nilijua Kisukuma cha kutumwa na cha kugombezwa, hiki kilikuwa kingine. Jogoo akafungwa mguu nyuma ya mlango. Wa nani? Bibi akanipa andazi zima, jambo lisilowahi kutokea tangu nimjue, nikajua nimekwisha. Mama naye kila mara aliniuliza, "Mwanangu, unakohoa kweli?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulinitia shaka zaidi. Kukiri maana yake bakora, na bakora za mama zilikuja na hotuba. Nikaona bora nipone kimyakimya. Nikaacha kukohoa.

"Mnaona?" bibi akasema. "Kikinyamaza ghafla hivi, ndiyo kimeshuka. Fundi aje kesho."

Baba alikuwa safarini, na bibi akiwa kwetu neno lake ndilo lilikuwa la baba. Fundi akaja, mzee mpole mwenye mfuko wa kaki.

"Shikamoo," nikasema kwa meno yaliyofungwa.

"Marahaba, mjukuu. Fungua basi."

Akakikunjua kisu kutoka kwenye kitambaa. Kilikuwa kimepinda kweli. Bibi akanibana miguu, akageuka mlangoni. "Mkwe, njoo umshike mikono."

Mama hakusogea. Alisimama pale ameshika komeo la mlango, vidole vimekuwa vyeupe.

"Mkwe! Husikii?"

"Sina kikohozi!" nikapiga kelele. "Nilikuwa nazuga! Nilitaka sato!"

"Homa imepanda kichwani," bibi akamwambia fundi. "Anaweweseka."

Hapo mama akasema, taratibu, "Hebu kohoa."

"Nikohoe cha asubuhi au cha jioni?"

Nikakohoa: vifupi vitatu, kirefu kimoja, na kwa hofu yote ile nikajisahau. "Mungu wangu!" nikamalizia.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Alimfahamu mzee jirani. "Mama," akamwambia bibi, akikunja kisu chake, "kimeo cha huyu kiko tumboni." Akaondoka na jogoo wake, kwa usumbufu. Bibi akanuna mpaka kivuko cha kesho yake.

Nikasubiri bakora. Hazikuja. Jioni mama alikaa uani anapara magamba ya sato, na mgonjwa ndani hakuna. Nikamshuku. Nikamsogelea kwa umbali wa kuweza kukimbia, nikamuuliza, "Mama, mbona hunichapi?"

Mengi ya siku zile yamekwenda. Mafundi wa vimeo mtaani kwetu siwasikii tena, sasa kila kona kuna duka la dawa. Bibi amelala Sengerema. Mzee jirani ameondoka na kikohozi chake, na asubuhi zetu zimekuwa kimya mno. Kuna siku namkoholea mwenyewe, wenzangu wanadhani natania. Hata glukosi nimeilamba mwaka huu nikaona ni kama sukari tu. Lakini jibu la mama ninalo lote. Hakuinua uso kutoka kwa yule samaki.

"Kaka yako alikuwa anakohoa kweli," alisema, "na aliyemshika mikono ni mimi."