Rangi Tatu Juu ya Mzee Duku

Paska alikuwa anarudi kutoka sokoni Koboko, unga wa muhogo kichwani, alipokuta gari la watalii limesimama uani kwake. Akadhani wamepotea. Wapotee wapi! Walikuwa juu ya kaburi la baba yake, wazungu wanne na mabinti wawili wa Kampala, mguu mmoja huku, mwingine kule, wanapiga picha na kucheka. Na aliyewapanga si mwingine ila Yakani, mdogo wake wa tumbo moja.

Huyu Yakani ana kazi Arua, ya kutembeza watu kwenye maeneo ya ajabu. Aliwaahidi hawa mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Lakini mvua ilikuwa imeharibu njia ya mpakani, na Yakani hapendi kuchafua viatu. Basi akafanya nini? Akatangulia nyumbani asubuhi, Paska akiwa sokoni, akalipaka kaburi rangi: kijani, nyekundu, buluu. Kila rangi nchi yake. Jina la mzee likafunikwa kabisa.

Jina ambalo Paska aliliandika kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi! Saruji aliyoinunua kwa kuuza samaki wakavu, mfuko baada ya mfuko, huku Yakani akituma salamu tu. Mzee Duku alikuwa askari. Vita vilipokuja aliwabeba watoto wake mpaka Kongo, wakaishi miaka mingi kwa kuomba vishamba vya watu. Waliporudi aliapa hatavuka mpaka tena, hata akifa. "Mnizike hapa hapa kwangu," alisema. Leo mwanawe amempeleka nchi tatu kwa brashi moja.

"Yakani! Shusha hao watu!"

"Dada, pole pole, iko wageni," Yakani alinong'ona, huku anawachekea wageni wake. "Wanaondoka sasa hivi. Rangi nitafuta kesho."

"Iko nani chini ya miguu yao?"

"Dada, usinitie aibu."

Aibu! Mtu aliyemkanyagisha baba yake ndiye anayezungumzia aibu! Paska alitua unga chini. Hakumtukana, ingawa matusi yalikuwa yamejaa mdomoni. Aliweka mikono kichwani akapiga yowe la msiba, lile refu ambalo Koboko hakuna asiyelijua na hakuna anayelipiga bure.

Wageni waliruka chini, mmoja akaacha kofia. Majirani wakaja mbio, wanawake wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani, wanaume na majembe, maana panapopigwa yowe hilo kuna kaburi la kuchimba. Mzee Swaibu, aliyekuwa jeshini pamoja na marehemu Duku, alifika anahema.

"Paska, binti yangu, nani amekufa?"

Paska alimnyooshea kidole mdogo wake, aliyekuwa amesimama pale pale, rangi bado kwenye kucha.

"Yakani," alisema. "Ndugu yangu Yakani. Amekufa leo."

Mzee Swaibu alilitazama kaburi, akalitafuta jina la rafiki yake kwenye ile rangi asilione. Akamtazama Yakani. Kisha akalaza jembe chini, akampa Paska mkono.

"Pole kwa msiba," alisema.

Waliofuata nao wakampa mkono, mmoja mmoja, wakimpita Yakani bila kumsalimu.