Mtaa Usio na Pikipiki

Niliporudi kutoka Ujerumani, ambako kazi ilinipeleka kwa mafunzo ya wiki tatu, mafunzo sikuyataja hata. Nilitaja mtaa. Mtaa wa maduka, mkongwe, umetandikwa mawe tangu enzi za mababu zao, na gari haliingii. Pikipiki haiingii. Wazee wanatembea katikati ya njia wakilamba aiskrimu, wala hawageuki nyuma! Mimi siku ya kwanza nilikwenda nimejibanza ukutani, nikashtuka hata na kengele ya kanisa.

Hayo niliyasema kwa mama wa mahamri, hapa Likoni, na kila asubuhi nikitia chumvi. Siku ya nne nikasema wallahi hata kwetu pikipiki zitolewe, watu watembee kama binadamu. Benchi la nyuma sikulitazama. Walikaa vijana wa bodaboda, steji nzima. Wakamaliza chai yao.

Ijumaa ile dada yangu alikuwa anaolewa. Baba hatunaye, kwa hivyo walii wa kumwoza ni mimi. Nisipofika, hakuna nikaha. Nikatoka na kanzu yangu nyeupe hadi stejini.

"Nipeleke msikitini, upesi."

Mwenyekiti wao akanitazama juu hadi chini. "Ami, hapa sasa ni Ulaya. Tembea tu, afya hiyo."

Nikadhani mzaha. Nikabembeleza, nikaapa, wapi! Nikashika njia kwa miguu, viatu vimejaa mchanga, na simu haikatiki: "Uko wapi? Sheikh anaangalia saa!" Wao wakanipita mmoja mmoja, wakipiga honi kwa adabu. Niliwatukana kimoyomoyo hadi nikaona haya, maana naenda msikitini.

Nafika nahema, nawakuta safu ya mbele, kofia zimewakaa vizuri. Kumbe wamealikwa! Mwenyekiti akanisogezea nafasi. Sheikh akaushika mkono wa bwana harusi, akautia katika wangu, akaniambia niseme.

"Nimeku... nimeku..."

Pumzi hakuna. Mzee mmoja nyuma akasema, "Masikini, anamlilia dadake."

Vijana wakainama kuficha vicheko. Nikataka kumwambia yule mzee silii, nimetembezwa. Lakini bwana harusi alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu, nikamkumbuka dada yangu siku tuliyomzika baba, alivyonishika kanzu asiniachie.

"Nimekuoza dada yangu," nikasema, machozi ya kweli yananitoka.

Hadi leo wale vijana wanacheka stejini kwamba pumzi zilinikatika. Nami nawaacha wacheke.