Ncha ya Leso ya Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 14 mwezi wa nne. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, kisha joto likapanda na harufu ya tope.

Leo nimempeleka mama mkwe kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya MRI. Alitoka kijijini Kombewa na barua ya daktari: ana kizunguzungu, na ameanguka jikoni mara mbili. Daktari anataka kujua kama kuna uvimbe. Mke wangu ndiye angeenda naye, lakini amejifungua juzi tu. Nikabaki mimi. Na kwetu mtu hamgusi mama mkwe, hamkazii macho, wala hampi amri. Sisemi desturi hiyo ni mbaya. Ubaya ni wangu.

Mama anaelewa Kiswahili kidogo tu. Dada wa mashine akaniambia, "Baba, mtafsirie. Itagonga kwa nguvu, asishtuke. Asitikise kichwa hata kidogo. Hata nikimuuliza hali kwa spika, asiitikie kwa kichwa."

Nimwambie mama mkwe atulie, kama mtoto anayenyolewa? Nikatazama ukuta, nikasema kwa Kijaluo, "Mama, jilaze upumzike, watamaliza sasa hivi."

"Umemwambia yote?"

"Yote."

Baadaye dada akaniita kwenye kompyuta. Picha ya kichwa ilikuwa na mistari mistari pembeni, kama mtu ameandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena juu yake. "Kila nikimsemesha anaitikia kwa kichwa," akasema. "Hii daktari hawezi kuisoma. Hata kama uvimbe upo, umejificha humu."

Ningesema ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Hawa wazee wa kijijini, dada, unajua hawasikii."

Mama alikuwa ameketi mlangoni, viatu mkononi. Hayo maneno anayaelewa. Akamwambia dada kwa Kiswahili chake kidogo, "Pole, daktari. Mimi makosa."

Kosa langu alilichukua mbele ya mtu mgeni, tena aliomba msamaha.

"Dada," nikasema, "sikumwambia. Nimewadanganya nyinyi wote wawili."

"Kwa nini sasa?"

"Ni mama mkwe wangu."

Haki yake niiseme: hakunikaripia. Alicheka. "Baba, humu ndani mkwe ni hii mashine. Ogopa hiyo. Tutajaribu mara moja tena. Akitikisika, itabidi arudi siku nyingine apewe dawa ya usingizi."

Nikamwambia mama maneno yote, bado nimeangalia ukuta.

"Kumbe ni hilo tu?" akajibu. "Ningelala kama jiwe la kusagia."

Dada akamjazia sponji pande zote za kichwa, akaweka taulo chini ya magoti ili mgongo usimsumbue. Akasema atapiga picha kwa vipande vifupi vifupi, na mimi nitamwambia mama kila kimoja kabla hakijaanza. "Sasa mshike mguu," akaniambia. "Mgonjwa akijua yuko na mtu wake, hutulia."

Nikaficha mikono mgongoni. Mama akaona, akanitupia ncha ya leso aliyojifunika. "Shika hiyo, ora," akasema. Ora ni mkwe.

Nilivua mshipi na saa, maana chuma hakiruhusiwi karibu na mashine, nikasimama miguuni pake na ile ncha mkononi, yeye ameshika nyingine. Mashine iligonga kama watu wanaopigilia mabati. Leso ilivutwa mara moja tu, kidogo, ikalegea. Sijui kama aliogopa, au alikuwa anahakikisha kwamba bado nipo. Sikuwa mtu wa kutegemewa sana leo.

Picha ilitoka safi. Majibu ni Ijumaa, na hakuna anayejua yatasema nini.

Getini mama alisema bila kugeuka, "Ora, siku nyingine ukitaka kunisema, nisengenye kwa Kijaluo, nipate kujibu." Ningeomba msamaha, na sikuomba. Sina hakika kama ilikuwa heshima au woga.

Nyumbani hapa Migosi mke wangu aliuliza ilikuwaje. "Mashine ilisumbua kidogo," mama akasema. Nami nikaacha anikinge hivyo hivyo, mara ya pili siku moja.

Jioni tumekula ugali, dagaa wa omena, na mboga ya osuga iliyopikwa kwa maziwa. Wao wawili walikula chumbani na mtoto, mimi sebuleni peke yangu, kwa desturi ile ile. Sahani yangu ndiyo iliyojazwa omena nyingi, na sikuimaliza.