Dada Yangu na Washenga wa Brexit

Mimi ni mtu wa kelele na sioni sababu ya kulificha hilo. Nikiamini jambo nitalisema jikoni, nitalisema kwenye treni, nitalisema kazini huku nimeshika bakuli la uji wa mtu. Dada yangu hayuko hivyo. Yeye husikiliza mpaka unamsahau, kisha anasema neno moja, na wewe uliyekuwa ukiongea tangu asubuhi unabaki kutafuta pa kuweka uso. Nataka kusimulia jinsi alivyopiga kura Uingereza, na nakiri mapema kwamba mchango wangu katika jambo hilo ulikuwa mdogo kuliko nilivyowatangazia watu hapa Sydney.

Wakati ule, kama sasa, nilikuwa naishi Guildford, mtaa wa hapa Sydney, na mume wangu, na kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko Merrylands. Dada alikuwa ametimiza miaka kumi na saba katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, akipika kwenye jiko la hospitali. Sisi ni watu wa Tanga. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na dada, aliyekuwa na ishirini na mbili, ndiye aliyenilea. Kwa hiyo nikisema dada, sehemu kubwa ya neno hilo ni mama.

Uchaguzi ule wa Desemba 2019 ulipotangazwa, nao kila mtu alijua ni wa Brexit, nilianza kuufuatilia kana kwamba nina nyumba kule. Tofauti ya saa ilinisaidia. Midahalo ya viongozi kwao ilianza saa mbili usiku, na huku inakuwa saa moja asubuhi ya kesho yake, nami zamu yangu ni ya mchana. Nikamwambia dada kwamba tutaisikiliza pamoja, kila mmoja na skrini yake, simu ikiwa wazi katikati.

Ili mjue kwa nini nilimtaka yeye na si mtu mwingine, lazima niseme kidogo kuhusu posa. Nyumbani kwetu washenga wakija na barua, mmoja wao ndiye msemaji, na wanawake wa nyumba hukaa nyuma ya pazia wakisikiliza. Mama alipoondoka, shangazi zetu walimweka dada nyuma ya pazia hilo ingawa mwenyewe alikuwa bado hajaolewa, kwa sababu walishagundua kwamba ana sikio. Dada hajali mshenga amevaa nini wala anajua methali ngapi. Anachosikiliza ni kimoja tu: akiulizwa swali, analijibu au analizunguka? Kuna posa mbili alizozitilia shaka na shangazi zetu wakampuuza, na ndoa zote mbili hazikumaliza mwaka. Tangu hapo washenga wa mtaa mzima walikuwa wakitoka kwetu wanajipangusa jasho.

Basi asubuhi ya kwanza nikachemsha chai, nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Madirisha yote nilikuwa nimeyafunga kwa sababu ya moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua majira yale. Dada alikuwa kitandani kwake na soksi mbili mbili, kajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Hatukuwaita viongozi kwa majina yao. Waziri mkuu tulimwita Twende, maana lake lilikuwa moja: tumeshakubali kutoka Ulaya, tutoke, yaishe. Kiongozi wa upinzani tulimwita Tuulizane, kwa kuwa aliahidi kutafuta mapatano mapya na kuwarudishia wananchi wayapigie kura tena, na yeye mwenyewe asiegemee upande wowote. Mwanamama wa chama cha tatu, aliyesema akishinda ataifuta Brexit yote, akawa Tufute.

Dada alimsikiliza Twende akiulizwa habari za hospitali, akajibu Brexit. Akaulizwa kama anaaminika, akapitapita kidogo, akarudi kwenye Brexit. Dada akasema huyu amekuja na jibu lake mfukoni, hata ungemuuliza saa ngapi angekupa hilohilo, ila kwa haki, angalau anajua alichokuja kuposa. Dada alimwonea Tuulizane huruma. Kiongozi huyo alizungumza kama mtu mwema aliyechoka, na mambo ya hospitali aliyajua, lakini kila alipobanwa aseme yeye binafsi anataka nini, alirudi kwenye kuwauliza wananchi.

"Mshenga gani huyu," dada alisema, "unamuuliza kama anaitaka ndoa, anakwambia hana upande?"

Ujasiri wa Tufute dada aliusifu, kisha akaona kwamba mwanamama huyo anataka kurudisha mahari bila kuwauliza waliokwisha kuipokea. Aliyesema vizuri kuliko wote, kwa sikio la dada, alikuwa yule kiongozi wa kutoka Uskoti, mwanamke asiyetaka kutoka Ulaya wala kubaki na Waingereza. Tukacheka mpaka chai yangu ikapoa, kwa sababu chama chake hakisimamishi mgombea hata mmoja katika mji wa dada.

Nilijivuna sana. Niliwasikiliza wachambuzi wa televisheni baada ya mdahalo, wenye tai na shahada zao, na sikuona hata mmoja aliyemfikia mpishi wa hospitali aliyejifunika blanketi. Siku ileile niliyarudia maneno yake kwenye treni kwa Mkenya mmoja muuguzi, mimi nikapitiliza Merrylands, naye akapitiliza kituo cha Lidcombe alikotakiwa kubadilisha treni.

Ila mdahalo ulipokwisha dada alikuwa na neno la kufunga ambalo lilinikera. Alisema hayo ni ya wenyewe. Yeye ni mgeni, na mgeni hapigi kura.

Sote tuliamini hivyo. Mimi mwenyewe sikupiga kura Australia mpaka nilipopata uraia, na huku ukishakuwa raia unalazimishwa na sheria. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kwenye shule ya msingi karibu na nyumbani, nikapanga foleni iliyonukia soseji za kuchoma zinazouzwa nje ya vituo vya kura huku, nikajaza karatasi ndefu kama shuka bila kuwaza, nikatoka nikaomba mkate wenye vitunguu vitupu kwa kuwa soseji sikujua ni za nyama gani. Nilivikumbuka vitunguu kuliko wagombea. Kwa hiyo nilipoingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza ilikuwa kwa udadisi tu, na pale nikasoma kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi kule anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Nikasoma mara tatu. Tanzania imo. Kumbe miaka kumi na saba dada yangu alikuwa na haki mkononi na hakuna aliyemwambia.

Nilimpigia kwa shangwe. Yeye hakushangilia. Aliuliza jina lake litaandikwa wapi, na nani atalisoma.

Hapo nilitakiwa kuelewa. Baba alipofariki, ombi la dada la kibali lilikuwa bado linashughulikiwa, naye hakuthubutu kutoka nchini asije akazuiwa kurudi. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, jikoni, kati ya zamu mbili. Tangu siku ile karatasi kwake si karatasi. Barua yoyote yenye nembo huifungua amekaa. Alichoogopa sasa ni kwamba jina lake likiingia kwenye daftari jipya, mtu mahali fulani ataanza kulichimba, na miaka yote kumi na saba itageuka kuwa swali. Alikuwa na kibali cha kudumu, hakuwa na kosa lolote, na bado aliogopa.

Badala ya kumwelewa nikaanza kumsukuma. Siku za kujiandikisha zilikuwa zinakwisha. "Dada, ni online tu, ten minutes, unaweka date of birth yako basi," nilimwambia asubuhi na jioni. Na kama hilo halitoshi, nikaanza kumwambia na wa kumpigia. Nilikuwa nimefanya hesabu zangu hapa Guildford: katika jimbo lake Tufute hana nafasi, kwa hiyo ampe wa Tuulizane, mradi Twende asipite.

Dada akaniambia kwamba jirani yake, mzee wa Kiingereza ambaye kiwanda chake kilifungwa zamani, alipiga kura ya kutoka Ulaya. Mzee huyo ndiye anayemkwangulia barafu mlangoni kila baridi ikizidi, bila kuombwa. Dada hakusema mzee ana haki. Alisema tu kwamba hawezi kumweka mtu huyo kwenye kapu moja na wabaya.

Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kwa aibu: "Umewaogopa mpaka umekuwa kama wao."

Dada akasema usiku mwema, mdogo wangu, ingawa kwangu jua lilikuwa limeshatoka. Hakunipigia siku tatu. Dada, ambaye hajawahi kulala bila kujua nimekula nini.

Mume wangu ni wa Majengo, Nairobi, na huwa hapendi kuingilia mambo yetu ya Tanga. Siku ya tatu alishindwa. "Unafanyia dadako campaign ama unamfanyia kesi?" aliniuliza huku akitafuta viatu vyake. "Si yeye ndiye ako huko? Wachana naye apumue." Nikamwambia aangalie viatu vyake. Lakini alikuwa amesema kweli, na nilijua.

Siku ya nne dada alipiga mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijaomba radhi akaniambia ameshajiandikisha.

Si mimi niliyemshawishi. Alikuwa jikoni akimenya viazi na mwenzake, mwanamke wa Kireno waliyefanya naye kazi miaka kumi na moja. Mreno huyo alifika Uingereza kabla ya dada, watoto wake wote wamezaliwa kule, na Brexit hiyo ilikuwa inaamua maisha yake kuliko ya mtu yeyote jikoni. Na hakuwa na kura. Watu wa nchi za Ulaya hawakuruhusiwa katika uchaguzi ule. Dada alipomtajia kwa kupita tu kwamba yeye wa Tanzania anaruhusiwa, mwanamke yule aliweka kisu chini. Hakukasirika. Wakati wa mapumziko alivuta kiti karibu na cha dada, wakajaza fomu pamoja kwenye simu, akimsomea kila mstari. Dada akamuuliza anataka ampigie nani. Mreno akasema hilo si lake. Alichotaka ni kwamba dada aende tu.

Niliposikia hivyo nilitamani meza inifunike. Mimi, wa damu, nilimpa dada hotuba, na yule wa viazi alimpa kiti. Nikamwomba radhi. Dada akasema yameisha, akaniuliza nimekula nini.

Matokeo dunia nzima inayajua: Twende alishinda, na wala hakushinda kwa shida. Lakini mimi siku ya kura hainijii kwa matokeo. Nilikuwa zamuni, na saa kumi na mbili na robo jioni, jua la Merrylands bado kali, simu ikatetema mfukoni. Nikatoka uani, nikamwamkia. Kwao ilikuwa asubuhi, giza halijaondoka na mvua inanyesha, naye alikuwa amesimama kwenye kituo cha basi nje ya ukumbi wa kanisa ambako alikuwa mtu wa pili kupiga kura.

Alikuwa amebeba bahasha ya kaki yenye kila kitu: pasipoti, kadi ya kibali, barua za kodi ya nyumba, hati za mshahara, hadi barua ya mwajiri wa kwanza ambaye alishafariki. Alikuwa ameyapanga majibu yake njia nzima. Mwanamke wa mezani alimuuliza jina na anwani, akaweka rula kwenye orodha, akalisoma jina kwa sauti ili mwenzake aweke alama, lote, na la baba ndani yake, akilivunja vibaya lakini akilifikisha mwisho. Akampa karatasi ya kura. Dada akabaki amesimama na bahasha wazi, anangoja yaliyobaki. Yule mwanamke akadhani hajui njia, akamwonyesha kwa mkono mahali penye penseli.

"Hakuniuliza karatasi hata moja," dada alisema.

Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa kumuuliza amempigia nani. Hata leo sijui, na sitauliza. Kwa sababu kabla sijatoa sauti, aliongeza polepole:

"Miaka kumi na saba wananiuliza nimetoka wapi na nitaondoka lini. Leo wameniuliza ninataka nini."

Nilikaa kwenye benchi nikiwa na sare yangu ya kazi, na machozi yakanitoka waziwazi mbele ya wazee waliokuwa wakipunga upepo. Na mimi, mwenye maneno ya kila kitu, nilikuwa na moja tu. Nikamwambia shikamoo, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

Akaitikia marahaba. Basi lake likafika, akaenda kazini.