Picha Ilirudi Matrah

Chekeni mtakavyo, lakini ile seva niliitengeneza mimi! Nilitia kadi mpya ya picha kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi yetu ya Mawaleh, na bosi wangu Bi Zuwena, aliyekuwa akitazama picha ya skrini ya seva kwa mtandao kutoka ofisi ya Matrah, akaona kiza tu.

“Nassor, nnataka picha yangu leo, au kazi huna!”

Nikairudisha seva kwenye njia yake ya zamani ya picha, isiyopitia kadi mpya. Skrini yangu, iliyochomekwa kwenye kadi, ikawa nyeusi. Nikadhani nimeiua. Kujiliwaza, nikabonyeza herufi kizani: “Meneja Nassor, bingwa wa Maskati, mume mtarajiwa wa Rahma wa mapokezi.”

Simu ikalia.

“Hongera, meneja, picha imerudi,” akasema Bi Zuwena. “Rahma naye yupo hapa, anasoma.”