Jina la Mama Perpetua na Nafasi Kumi na Sita

Naikumbuka asubuhi moja pale Luanda Kotieno, ufuoni mwa ziwa, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwandishi wa programu katika karakana ya Bwana Harbans mjini Kisumu, na nilijiona nimefika. Nilikuwa nimeandika, kwa lugha ya C, programu ya mashine ndogo zilizoendesha majokofu ya wauza samaki ufuoni. Kila mashine ilihifadhi jina la mwenye jokofu na kiwango cha baridi alichotaka. Jina nililipa nafasi ya herufi kumi na sita. Kwa nini kumi na sita? Kwa sababu nilijaribu kwa jina langu, Atieno, likaingia na kubakisha uwanja wa kuchezea mpira.

Asubuhi hiyo Bwana Harbans nami tulikuta watu wamejazana. Samaki wa Mama Perpetua, mmoja wa wauzaji pale, mbuta wakubwa, walikuwa wameoza wote, harufu ilitupokea kabla ya salamu, na taa ya kijani ya jokofu lake ilikuwa ikiwaka kana kwamba mambo ni shwari. Lawama zilimwangukia mlinzi, Baba Ouko, mzee mpole mwenye watoto sita.

"Kama si wewe ulizima, ni nani?" mwenyekiti wa ufuo alimuuliza. "Leo unarudisha funguo."

"Yawa, jamani, mimi sijagusa hiyo swichi. Mungu anajua."

Nilifungua mashine, nikaunganisha kompyuta yangu, na baada ya dakika chache nikauona ukweli. Jana yake Mama alikuwa ameingiza jina lake kamili: Perpetua Consolata Adhiambo. Amri niliyotumia, strcpy, hunakili herufi moja baada ya nyingine mpaka ikutane na sufuri inayofunga jina. Haiulizi chumba kina ukubwa gani. Zile kumi na sita zilipojaa, ikamwaga zilizobaki kwa jirani, na jirani alikuwa kile kiwango cha baridi. Herufi ya kumi na saba, ukihesabu na pengo kati ya majina, ni t, na ndani ya mashine t ni namba mia moja kumi na sita. Jokofu likadhani limeagizwa nyuzi mia moja kumi na sita, likajiona limepoa vya kutosha, likalala. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeivaa hiyo nguo.

Nilimnong'oneza Bwana Harbans, "Tuseme stima ilikatika?"

Mzee yule wa Kisingasinga alikuwa amenifundisha kazi kama mwanawe. Hakupaza sauti. "Atieno, huyu Baba Ouko atakula nini kesho? Wewe liandika, wewe sema."

Nikawageukia watu, nikasema. "Baba Ouko hana kosa. Kosa ni langu." Baba Ouko alikaa juu ya kreti, akauliza polepole, "Kwa hivyo funguo nikae nayo?" Mwanangu, swali lile liliniliza mbele ya watu.

Bwana Harbans alimfidia Mama samaki wake bila kelele. Mimi, kwa pupa ya kujitakasa, nikabadilisha strcpy nikaweka strncpy, inayokomea idadi unayoipa. Nikaipa kumi na sita, nikaona nimepona. Kumbe strncpy ikijaza nafasi yote haiweki ile sufuri ya kufunga, na kioo cha mashine kikaendelea kusoma hadi kwa jirani: Perpetua Consola, kisha takataka. Haraka haraka haina baraka.

Mama Perpetua alikitazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Sasa huyu ni nani? Consolata ni jina ya ubatizo. Adhiambo ni shangazi yangu marehemu, alikuja kwa ndoto ya mama yangu akaomba mtoto apewe jina lake. Unakata nani hapo, mtoto wangu? Kama haitoshi, si uniambie tu haitoshi?"

Nilikuwa nimesoma vitabu vinene, na hakuna kilichokuwa kimenieleza vizuri hivyo. Siku hiyo hiyo nilipanua nafasi, nikaifunza programu kupima jina kabla ya kulinakili, na kukataa kwa sauti likizidi. Baba Ouko alishika funguo zake mpaka alipostaafu.

Basi jana uliponionyesha kazi yako na kuniambia, "Nani atakuwa na jina refu hivyo?" nilicheka, lakini moyo ulishtuka. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na strcpy haiulizi, kwa hiyo uulize wewe. Jua ukubwa wa chumba kabla ya kuingiza mgeni. Iachie sufuri nafasi yake. Jambo lisipotosha, sema halitoshi; usikate cha mtu kimyakimya. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajarudisha funguo kwa ajili yako.

Mama Perpetua alishatangulia mbele ya haki. Lakini kila mwanafunzi wangu, kabla sijapokea kazi yake, huandika jina lile kwenye mashine yake, nami husoma kioo hadi herufi ya mwisho. Leo ni zamu yako, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi wa kukiri. Haya, andika: Perpetua Consolata Adhiambo. Lote.