Kidole cha daktari

Leo mama mkwe wangu amemkunjisha daktari kidole.

Tulikuwa kliniki Mwanza, siku yangu ya kupandikizwa kiinitete. Mara ya kwanza mimba haikushika, ndiyo maana safari hii mama katoka mwenyewe kijijini Didia kunisindikiza.

Daktari akawasha skrini. Viinitete vyetu hivyo, mimba changa zilizotungwa maabara, viduara vinang'aa kama umande kwenye mpunga. Nikahisi naelea.

"Akili mnemba imevikagua vyote," akasema. "Imechagua hiki."

Akakinyooshea kidole.

Mama akainuka kitini. "Daktari, shusha kidole. Boga changa ukilinyooshea kidole linaoza, sembuse mtoto? Onyesha kwa ngumi."

Nilitamani ardhi inimeze, jamani.

Daktari akaitazama skrini. Akamtazama mama. Kisha taratibu akakunja vidole vyote.

"Ni hiki hapa, mama."

"Haya. Sasa mpandikizie."

Sasa nipo kwenye basi narudi Kahama. Mama kasinzia begani kwangu, nje mashamba yanapita polepole. Mimi, nisiyeamini mambo haya, nimegundua nimeshika tumbo kwa ngumi.

Mtakaokuja kunisalimia, naomba mje mmekunja vidole.